Kutosomeka Si Kuharibika

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo naamini limewafika wengi wenu, nalo ni hili: mtu huchukua diski yake, au flashi, au memori kadi ya simu, iliyojaa picha na nyaraka na sauti za watu wake, akaitia katika kompyuta isiyokuwa ile aliyoizoea, na badala ya kufunguliwa mafaili yake akaletewa kauli fupi kwenye kioo, ya kwamba diski hii haitatumika mpaka ifomatiwe kwanza, na chini ya kauli hiyo pana kitufe cha kukubali, nacho ki tayari kubonyezwa.

Kauli hiyo ni ya haraka, tena ni ya hatari, kwa kuwa mtu anayeambiwa hivyo na mashine hudhani kwamba mashine ndiyo ijuayo, na yeye ni nani hata abishane nayo. Muradi wangu ni kuwaeleza kwamba mara nyingi hapo mashine haijui. Kwamba diski isiyosomeka na kompyuta fulani huenda ikawa nzima kabisa, na kila kilichoandikwa ndani yake kipo mahali pake, ila kimepangwa kwa kaida ambayo kompyuta hiyo haikufundishwa. Upungufu u kwa msomaji, si kwa maandishi. Na nikisha kulibainisha hilo, nitapenda kuonyesha kwamba dawa yake ya kudumu haiko katika werevu wa mafundi peke yake, bali katika maafikiano ya wazi baina ya watengenezaji, ambayo kila mtu aweza kuyasoma na kuyafuata bila ya kuomba idhini.

Yafaa tuanze na asili ya diski yenyewe. Diski, iwe ile ya mabamba yanayozunguka au hii ya kisasa isiyo na kitu kinachokwenda, haijui picha, wala wimbo, wala wasia. Ijualo ni nafasi ndogo ndogo zilizopangwa kwa nambari, ambazo kwa miaka mingi kila moja ilikuwa ya baiti 512, na ndani ya nafasi hizo hamna ila tarakimu. Kwa hivyo haina budi pawe na kaida ya kuamua faili fulani yaanzia nafasi ipi, yaendelea wapi na kukoma wapi, jina lake ni lipi, iliandikwa lini, na ni nani aruhusiwaye kuifungua. Na kaida hiyo, pamoja na majedwali na fihirisi zinazoandikwa juu ya diski yenyewe ili kuitimiza, ndiyo iitwayo mfumo wa faili. Nako kufomati ni kuweka fihirisi mpya, tupu, mahali pa ile ya zamani.

Mifumo hiyo ni mingi, na kila taifa la kompyuta limeshika wake. Zenye Windows zategemea NTFS. Za Apple zategemea APFS, na kabla yake HFS Plus. Zenye Linux aghalabu hutumia ext4. Na vyombo vidogo vidogo, kama redio za magari na televisheni na kamera, hupenda FAT32 au exFAT. Tuwaze kijana wa siku hizi, aliyesoma skuli kwa hati za Kirumi tu, anayefungua kasha la babu yake akakuta ndani barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani kwa karne nyingi. Lugha ni yake, maneno ni ya nyumbani kwao, huenda hata jina la mama yake limo. Lakini jicho lake haliwezi kuyatoa. Kijana mwenye akili hatasema barua hii ni mbovu, na niifute nipate karatasi ya kuandikia. Atamtafuta anayezijua hati hizo amsomee, kisha ainukuu kwa hati anazozijua yeye. Hivyo ndivyo ipasavyo kutendewa diski, na mashine inayotushauri kufomati inatushauri kinyume chake.

Sasa, hitilafu hii ilitoka wapi? Mfumo ulioenea kuliko yote ni ule uitwao FAT, uliotungwa mwaka 1977 na Marc McDonald wa kampuni ya Microsoft, baada ya kushauriana na Bill Gates, kwa ajili ya diski laini za zama hizo. Njia yake ni sahali. Diski hugawanywa katika vifungu vilivyo sawa. Fihirisi hutaja jina la faili na kifungu chake cha kwanza. Kisha liko jedwali moja linalosema, kwa kila kifungu, kifungu kinachokifuata ni kipi, na hivyo mashine huenda kutoka kifungu hadi kifungu mpaka ikutane na alama ya mwisho. Kwa kuwa ni sahali kiasi hicho, kila mtengenezaji wa chombo kidogo aliweza kukifundisha chombo chake kuisoma FAT, na ndiyo sababu hata leo, karibu nusu karne baadaye, redio ya gari isiyojua lolote jingine huijua hiyo.

Walakini usahali huo una gharama yake. Katika FAT32, iliyotolewa mwaka 1996 pamoja na toleo la pili la Windows 95, urefu wa kila faili huandikwa kwa biti 32, na nambari kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti hizo ni 4,294,967,295. Basi faili moja haiwezi kuzidi baiti hizo, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Mwaka 1996, wakati diski nzima za nyumbani zilipokuwa za gigabaiti moja au mbili, kikomo hicho kilionekana kuwa mbali mno. Leo filamu ya arusi iliyopigwa kwa kipimo cha megabiti 25 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 11 kwa kila saa, na kikomo hicho hufikiwa kabla ya dakika 23 kutimia. Ndiyo maana mtu huwa na flashi ya gigabaiti 32, tupu kabisa, akataka kunakili faili ya gigabaiti 6, akaambiwa faili ni kubwa mno; akaenda akanunua flashi nyingine, akidhani ya kwanza ina kasoro, ilhali lililomzuia si nafasi bali ni sheria ya mfumo. Na ndiyo maana kamera inayotumia kadi ya FAT32 huikata filamu moja vipande vipande, ikaonekana kwa asiyejua kana kwamba mpiga picha amesimamisha kazi katikati ya shughuli.

Upungufu wa pili wa FAT ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au mtu akichomoa flashi kwa pupa, jedwali laweza kubaki limeandikwa nusu, na hapo minyororo ya vifungu hukatika au kuchanganyika. Wala FAT haiandiki mwenye faili ni nani na nani asiiguse, jambo ambalo katika kompyuta ya ofisi yenye watumiaji wengi ni la lazima.

Basi waliotunga mifumo mipya walikuwa na hoja ya haki. NTFS ilipotoka mwaka 1993 pamoja na Windows NT 3.1, ilileta ruhusa za watumiaji, na daftari la kuandikia kila badiliko la fihirisi kabla halijatendwa, ili mashine ikizimika ghafla iweze kujirudisha katika hali ya salama. Apple, ambayo tangu mwaka 1985 ilikuwa na mfumo wake wa HFS, ilileta HFS Plus mwaka 1998, kisha mwaka 2017 ikaleta APFS, uliotungwa kwa ajili ya hifadhi zisizozunguka. Upande wa Linux, Rémy Card alitunga mfumo wa kwanza wa ukoo wa ext mwaka 1992, na ext4 ya leo ikatangazwa kuwa imekamilika mwaka 2008. Kila mmoja ulijibu haja ya kweli ya watu wake. Lililokosekana ni kwamba hakuna aliyelazimika kumfikiria jirani, na mwenye soko kubwa hakuona faida ya kusoma hati ya mwenziwe. Ndipo mtu wa kawaida, ambaye hakushiriki katika mashindano hayo, akabaki katikati na diski yake mkononi.

Tutazame hali ilivyo leo. Kompyuta ya Windows, kama ilivyotoka dukani, haisomi diski za APFS wala HFS Plus, wala haizifungui za ext4 kwa njia ya kawaida. Kompyuta ya Apple huisoma NTFS, ukaona mafaili yote na kuyanakili upendavyo, lakini haiandiki juu yake; na wengi hukasirika hapo, wakidhani diski imefungwa, ilhali ni mashine iliyojizuia. Linux ndiyo msomaji mpana kuliko wote: huzijua FAT na exFAT, huandika juu ya NTFS kwa programu ya NTFS-3G iliyokamilika mwaka 2007, na tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 kwa uwezo ulio ndani ya kiini chake chenyewe. Na HFS Plus pia huisoma. Iliyo ngumu kwake ni APFS. Tena Linux ina fadhila nyingine, kwamba yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila ya kusakinishwa, ikazisoma diski za kompyuta ambayo Windows yake imekataa kuamka. Na mafundi wengi huanza kazi ya kuokoa mafaili kwa njia hiyo.

Natoa mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mpiga filamu wa Mombasa, anayefanya kazi zake kwa kompyuta ya Apple, amemaliza filamu ya arusi, akaiweka katika diski ya nje na kuwapelekea wenye arusi walioko Tanga, ambao nyumbani wana laptopu ya Windows na televisheni yenye tundu la flashi. Diski yafika, yatiwa katika laptopu, na laptopu yadai kufomati. Jambo la kwanza la kufanya hapo ni kukataa: kufunga kile kisanduku cha maneno, kuitoa diski kwa utaratibu, na kumwuliza aliyeileta, imeandikwa kwa mfumo gani? Swali hilo moja laokoa mambo mengi. Akijibu kwamba ni HFS Plus au APFS, jawabu liko wazi: itafutwe kompyuta ya Apple, ya rafiki au ya ofisi, mafaili yanakiliwe humo, kisha kutoka humo yanakiliwe kwenye diski ya pili iliyofomatiwa kwa exFAT, ambayo Windows na Apple zote mbili huisoma na kuiandika. Au, pasipokuwa na kompyuta ya Apple, ziko programu zinazosakinishwa juu ya Windows ziisomeshe mifumo ya Apple, na baadhi yake hutolewa kwa majaribio.

Nawaomba mwangalie neno nililolitumia: kunakili. Sikusema kuigeuza diski ile ile. Wako watu wanaotamani ufundi wa kuibadili diski kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila ya kuhamisha kitu, na kwa hakika Windows ina amri ya kuigeuza FAT32 kuwa NTFS pasipo kufuta mafaili. Lakini amri hiyo huenda upande mmoja tu, hairudi, na baina ya mifumo ya Apple na ya Windows hakuna njia ya namna hiyo ya kutegemewa. Kanuni iliyo salama ni kwamba maandishi yahamie diski nyingine, yahakikiwe huko kwa kufunguliwa faili baada ya faili, na ile ya asili iachwe kama ilivyo mpaka moyo utulie. Mwenye diski moja tu ya kuhifadhia amana zake hana hifadhi. Na anayefomati diski yake ya pekee ili isomeke, ameitengeneza isomeke bila ya kuwa na cha kusoma.

Haya, mafaili yamefika kwenye laptopu; bado televisheni. Televisheni nyingi za zamani, na redio nyingi za magari, hazijui ila FAT32. Na hapa pana tatizo jingine, kwa sababu kwa miaka mingi Windows ilikataa kufomati kwa FAT32 diski yoyote inayozidi gigabaiti 32, ingawa mfumo wenyewe waweza kubeba zaidi ya hapo. Flashi ya gigabaiti 64 huja kutoka kiwandani na exFAT, nayo televisheni ya zamani ikitiwa flashi hiyo husema hakuna kitu. Kwa chombo cha namna hiyo, dawa ni flashi ndogo, ya gigabaiti 16 au 32, yenye FAT32, na filamu ikatwe vipande visivyofika gigabaiti 4 kila kimoja. Na ikiwa kompyuta mbili zote ziko karibu, huenda isihitajike diski hata kidogo: mafaili yakipitishwa kwa waya au kwa mtandao wa nyumbani, kila kompyuta huandika juu ya diski yake kwa kaida yake, na hakuna inayolazimika kuisoma ya mwenziwe.

Yako pia mambo yanayopotea katika kuhama hata pale kunakili kunapofaulu. Linux huhesabu faili iliyoanza kwa herufi kubwa na ile iliyoanza kwa herufi ndogo kuwa ni mbili mbalimbali. Zikipelekwa kwenye exFAT, ambako tofauti hiyo haitambuliwi, ya pili hugongana na ya kwanza, na asiyeangalia hupoteza moja. Windows haikubali alama ya kuuliza wala nyota wala nukta mbili katika jina la faili, ilhali nyingine hukubali. Basi faili iliyopewa jina la swali na mwenye kompyuta ya Linux hukataliwa mlangoni. Ruhusa za watumiaji hazivuki kwenda FAT wala exFAT. Na mwenye Windows akiona katika flashi iliyotoka kwenye Apple mafaili madogo madogo ambayo majina yao huanza kwa nukta na kistari cha chini, asiogope kwamba ni virusi. Ni maelezo ya ziada ambayo kompyuta ya Apple huyaweka kando ya faili pale ambapo mfumo wa diski hauna mahali pa kuyaweka.

Nije kwa yule ambaye amekwisha kubonyeza. Simwachi bila tamaa, kwani kufomati kwa haraka, kama kufanywavyo aghalabu, hakugusi kila nafasi ya diski. Huandika fihirisi tupu tu, na yaliyokuwa ndani hubaki yamelala pale pale mpaka nafasi zake ziandikwe upya. Hata kufuta faili moja katika FAT ni kubadili baiti ya kwanza ya jina lake katika fihirisi na kuviachilia vifungu vyake, na maandishi yenyewe hayaguswi. Kwa hiyo aliyeteleza asitie tena kitu chochote katika diski hiyo, asipige picha nyingine kwenye kadi hiyo, aitoe na kumpelekea fundi mwenye programu ya kurejesha, na yaliyorejeshwa yaandikwe kwenye diski nyingine. Tahadhari iliyoko ni kwamba diski za kisasa zisizozunguka zina tabia ya kuzisafisha zenyewe nafasi zilizoachwa wazi, na humo matumaini huwa machache zaidi. Na diski iliyofungwa kwa siri, kama wafanyavyo wenye BitLocker kwa Windows au FileVault kwa Apple, haifunguki kwa fundi yeyote bila ya ufunguo wake, na ni wajibu wa mwenyewe kuuhifadhi ufunguo huo mahali pengine nje ya diski.

Wasikilizaji, nimesema kwamba dawa ya kudumu ni maafikiano, na sitaki mdhani nasema kwa kutamani tu, kwa maana yako maafikiano yaliyofanyika na yakafaa. Mnamo Novemba 1985, wakati sahani za CD zilipokuwa zinaanza kutumika kuhifadhia maandishi ya kompyuta na kila kampuni ikizipanga kwa namna yake, wajumbe wa makampuni, zikiwamo Apple, Microsoft, Sony, Philips na Hitachi, walikutana katika hoteli iitwayo High Sierra, karibu na ziwa Tahoe huko Marekani, wakaandika kaida moja ya kupanga mafaili juu ya sahani hizo. Kutokana na kaida yao kikatoka kipimo cha kimataifa cha ISO 9660 mwaka 1988. Masharti yake ya kwanza yalikuwa makali, kwani katika daraja lake la chini jina la faili halikuzidi herufi 8 na nyingine 3 za mkia, na baadaye ilibidi kuongezwa viraka. Lakini faida yake ilikuwa kubwa kuliko ukali huo. Kamusi au ensaiklopidia iliyochomwa katika sahani moja ilisomeka kwa Windows, kwa Macintosh na kwa Unix, na sahani iliyotengenezwa sawasawa wakati ule hufunguka hata leo mbele ya kompyuta ambazo watungaji wa kaida ile hawakuziota. Washindani hao hao waliokataa kusomeana diski zao walikubaliana juu ya sahani, na hakuna kati yao aliyefilisika kwa kukubaliana.

Mfano wa pili una funzo chungu kidogo. Microsoft ilitoa exFAT mwaka 2006, ili kuondoa kile kikomo cha gigabaiti 4 bila ya kuleta uzito wa NTFS, na mwezi Januari 2009 chama cha watengenezaji wa kadi za SD kikaichagua kuwa mfumo wa kadi zake mpya zinazozidi gigabaiti 32. Hivyo dunia nzima ikafungwa kwa mfumo huo, nao ulikuwa mali ya kampuni moja, wenye hataza, na maelezo yake kamili hayakutolewa hadharani. Nayo hofu ya hataza haikuwa ya kubuni. Mwezi Februari mwaka huo huo Microsoft iliishtaki kampuni ya TomTom ya Uholanzi, itengenezayo vyombo vya kuonyeshea njia, ikidai pamoja na mengine kwamba imetumia bila ya idhini hataza zinazohusu majina marefu katika FAT, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwezi uliofuata. Kwa miaka kumi waandishi wa Linux waliukwepa mlango huo, na mwenye kompyuta ya Linux aliyetiwa kadi ya kamera mpya mkononi alibaki kutafuta programu za pembeni. Mwezi Agosti 2019 Microsoft yenyewe ikachapisha maelezo ya exFAT na kuridhia yaingizwe katika Linux, na kabla ya mwaka kwisha Linux toleo la 5.4 likawa laisoma. Nawapongeza kwa tendo hilo, nami nasema kwa dhati kwamba lingalitendeka mwaka 2006, watu wengi wangaliepushwa na taabu isiyokuwa na sababu. Hakuna ufundi mpya uliovumbuliwa mwaka 2019 uliokosekana kabla yake. Kilichobadilika ni idhini.

Naona ni haki kudai, basi, kwamba kaida ya kupanga mafaili juu ya diski isiwe siri ya mtu, kwa sababu yaliyomo katika diski si mali ya mtengenezaji wa kaida. Kampuni iuze mashine yake kwa bei ipendayo, na ishindane kwa wepesi na kwa uzuri. Lakini hati ambayo kwayo kumbukumbu zangu zimeandikwa iwe wazi kwa msomaji yeyote wa kesho, hata kampuni hiyo ikifa. Jambo hili ni zito zaidi kwa nchi na kwa taasisi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Hati za ardhi, madaftari ya vizazi na vifo, kanda za redio zilizohamishiwa kwenye kompyuta, tasnifu za vyuo, sauti za masheha na washairi waliokwisha kututoka, vyote hivi vimo leo ndani ya diski, na mhifadhi wa nyaraka apaswa kujua kwamba anakabiliana na vizuizi vitatu: chombo chenyewe, kama diski laini isiyo na mashine ya kuitia, mfumo wa faili, ambao ndio tulioujadili, na aina ya faili, ambayo huhitaji programu yake ya kuifungua. Diski laini za Apple za kilobaiti 400 na 800 ni ushahidi wa kizuizi cha kwanza: zilizungushwa kwa kasi inayobadilika, na mashine za diski za kompyuta za kawaida hazikuweza kuzisoma kwa programu yoyote, mpaka Apple ilipoleta mwaka 1988 mashine ya diski iliyozijua diski zake na za kompyuta hizo pia. Aliyezihamisha nyaraka zake wakati mashine za namna hiyo zilipokuwa tele madukani alifanya kazi ya alasiri moja. Aliyechelewa sasa hana budi kuutafuta msaada wa mafundi wa mambo ya kale.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu. Diski ya kubadilishana na watu mbalimbali ifomatiwe kwa exFAT tangu ikiwa mpya na tupu, na flashi ya redio na televisheni kuukuu iwe ya FAT32. Kwa kuwa mifumo hii miwili haina daftari la kujilinda, msichomoe flashi kabla ya kuiamuru kompyuta iitoe. Jalada la kudumu liwe na nakala mbili katika diski mbili zisizokaa nyumba moja. Na yeyote anayekabidhi diski kwa mwingine, awe mpiga picha kwa wenye arusi, au karani kwa mrithi wake ofisini, aandike juu ya jalada lake, kwa kalamu isiyofutika, jina la mfumo wa faili na aina ya kompyuta iliyoiandika, na mwaka. Ni maneno matatu au manne tu, nayo humwambia anayepokea kwamba mashine yake ikisema haisomi, na aitafute inayosoma.